Bei Iliyotajwa na Bei Inayolipwa
Katika miji ya Handeni na Korogwe nchini Tanzania, ambako kipato cha kaya nyingi hufuata msimu wa mahindi au ajira za mashamba ya mkonge, soko la nyumba hupoa fedha zinapoadimika, na hapo mnunuzi hutoa ofa, yaani bei anayoipendekeza, iliyo chini ya ile aliyoitaja muuzaji. Punguzo hilo huwa na msingi linapotokana na kasoro bayana, hasa kukosekana kwa hati ya umiliki, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huihesabu ardhi yote kuwa mali ya umma, na kinachouzwa ni haki ya kuikalia na kuitumia pamoja na maendelezo yake, kama vile majengo. Kwa hiyo uhakiki wa umiliki hutangulia mapatano, kwani unafuu wa bei haufidii hasara ya mgogoro.