LAMI YA MSONOBARI NA VYOMBO VYETU
(Mazungumzo mbele ya wanachama wavuvi)



Mmeuliza: kwa nini tusipake mashua oili chafu ya magari, maana ni rahisi? Nitajibu, lakini nianzie mbali kidogo.

Huko Ufini, nchi ya baridi, wakulima walitengeneza lami ya msonobari. Si hii ya barabarani jamani! Mti uliambuliwa magome ukiwa umesimama, ukaachwa miaka michache mpaka utomvu ukajaa. Kisha ulikatwa, ukapasuliwa, ukapangwa shimoni, ukafunikwa udongo na kuchomwa polepole siku kadhaa, kama tanuri la mkaa. Kuni haziwaki, zinatoka jasho, na lami inatiririka mpaka kwenye pipa. Walipaka mashua, kamba, mapaa ya makanisa ya mbao, hata kwato za farasi. Mbao haikunywa maji, ikachelewa kuoza.

Lakini sikieni. Mwaka 1648, Ufini ikiwa chini ya Uswidi, kampuni moja ya Stockholm ilipewa peke yake haki ya kuuza lami nchi za nje. Mnunuzi akiwa mmoja, bei anapanga yeye. Aliyekesha na moshi machoni hana la kusema. Ndiyo maana sisi tuna ushirika.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na msonobari, lakini dawa walikuwa nayo. Mbao za juu walipaka sifa, mafuta ya maini ya papa. Chini ya maji walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, kuzuia wadudu watobao mbao. Nyufa walizipiga kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta. Kazi hiyo mafundi wanaijua mpaka leo.

Sasa oili chafu. Ile ina sumu na mabaki ya vyuma vya injini. Inachuruzika majini, inadhuru vifaranga vya samaki, inadhuru na mikono yako. Tutaokoa mbao tupoteze samaki, faida iko wapi?

Papa nao wamepungua, basi tusiwavue kwa ajili ya sifa. Ila akiingia wavuni naye amekwisha kufa, maini yasitupwe.

Napendekeza: bamvua lijalo, maji yakitoka, tupandishe vyombo vyote pamoja. Chokaa na shahamu tununue kwa jumla kupitia ushirika. Fundi mmoja afundishe vijana wawili kalafati. Mwenye neno aseme mkutanoni.

Ushirika ni nguvu.