Kijana Akitaka Kwenda Ng'ambo Kujifunza Senema
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Makindu)



Tumeombwa tuseme juu ya vijana wanaotaka kwenda ng'ambo kujifunza kutengeneza senema. Sisi ni watu wa reli na mataruma, na pengine mtauliza senema yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu karo hutoka katika mishahara yetu, na tumekwisha kusikia ng'ombe na shamba vikitajwa kwa ajili ya barua moja tu ya Ulaya.

Kwanza tuelewane juu ya barua hiyo. Barua ya kukubaliwa shuleni si msaada wa karo. Yasema tu kwamba nafasi ipo, na mlipaji ni wewe. Wako mawakala wanaomsomea mzee barua kana kwamba kila kitu kimekwisha lipwa. Mzee akishatia sahihi, ndipo hesabu inapoletwa.

Tena watu huuliza sifa za shule kabla ya kuuliza lugha. Shule ya FAMU mjini Prague ilianza mwaka 1946. Asomaye kwa Kicheki hatozwi karo. Masomo ya Kiingereza hulipiwa, wala si kidogo. Ile ya San Antonio de los Baños, nchini Kuba, iliwekwa mwaka 1986 kwa ajili ya vijana wa Amerika ya Kusini, Afrika na Asia, nayo hufundisha kwa Kihispania. Mwaka mmoja wa kuhangaika na Kicheki ni bei ndogo kuliko shamba.

Ujerumani nako kuna jambo lake. Wanjiru Kinyanjui alisoma senema Berlin, akarudi akatutengenezea The Battle of the Sacred Tree, mwaka 1995. Lakini siku hizi mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa aweke benki zaidi ya euro 11,000 za kujilisha mwaka mmoja, kabla ya kupewa viza. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na nauli bado.

Wengine kati yetu husema basi vijana wasiende kabisa. Hatukubaliani nao. Ng'ambo kijana hupata vyombo, walimu, na wenzake wa nchi nyingi watakaofanya kazi naye baadaye. Ila asianzie huko. Anne Mungai alijifunza hapa hapa Nairobi, katika chuo cha serikali cha utangazaji, na Saikati yake ya mwaka 1992 ilitazamwa mbali. Na huko Mutomo, Kitui, mkulima Kisilu Musya alishika kamera akapiga picha za ukame, mafuriko na watu wa nyumbani kwake kwa miaka kadhaa, pamoja na Julia Dahr wa Norway. Senema hiyo, Thank You for the Rain, ilitoka mwaka 2017. Hakumngoja mtu ampeleke shule, na Ukambani kumeonekana.

Shule nzuri zenyewe hutaka kuona kazi ya mwombaji. Kwa hiyo twaomba hivi: kijana atakayetaka mchango wetu atuletee kwanza senema yake ya dakika kumi, hata kama ameipiga kwa simu, tuitazame hapa pamoja. Aje na barua ya shule na hesabu ya karo, chakula na nauli, mwaka kwa mwaka mpaka mwisho. Na mzazi mwenye barua ya wakala nyumbani asiitie sahihi. Ailete kwa katibu wa tawi, tuisome neno kwa neno.