Ua Linalotufundisha Kungoja

Leo napenda tuzungumze juu ya ua. Najua mtu mmoja atasema, "Ua la nini? Shamba langu ni dogo, watoto wanangoja karo, na ua haliliwi." Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujaagana.

Ua lenyewe huitwa kamelia. Huenda hujaliona, lakini ndugu yake unamjua sana, maana ndiye aliye katika kikombe chako. Mchai ni aina mojawapo ya kamelia. Wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis. Hapa Kenya ulipandwa kwanza Limuru mwaka 1903. Kamelia ya bustanini, ile inayopendwa sana, huitwa Camellia japonica, na asili yake ni Japani, Korea na China. Ukiyatazama majani yake utaona kwamba hawa ni wa ukoo mmoja: ni mazito, yanang'aa, na ni ya kijani mwaka mzima.

Lakini ndugu hawa wawili wamepewa kazi mbalimbali. Mchai tunauchuma majani mawili na chipukizi, kisha tunaupogoa ubaki chini, hata haupati nafasi ya kuchanua sana. Kamelia ya bustanini haichumwi majani. Inaachwa ikue taratibu, nayo hutoa maua meupe, ya waridi au mekundu, mengine makubwa kama kiganja cha mkono.

Basi, ndugu msikilizaji, ikiwa wewe ni mkulima wa chai, nusu ya kazi unaijua tayari. Kamelia hupenda mahali penye ubaridi, mvua ya kutosha, na udongo wenye uchachu usiotuamisha maji. Usiitilie majivu ya jikoni wala chokaa, maana vitu hivyo huondoa uchachu, na majani yatageuka manjano. Usiifukie chini sana. Mizizi yake hukaa juu juu, kwa hiyo jembe lisikaribie shina. Tandaza majani makavu tu, udongo upate kukaa na unyevu. Ipande penye kivuli chepesi, kwa kuwa jua kali la adhuhuri huyachoma majani na maua. Asiye na shamba aweza kuipanda katika debe lililotobolewa chini. Ndugu zetu wa pwani wasijisumbue nayo. Wao wanayo asumini yao, nayo yawatosha.

Ukiisha kupanda, kazi iliyobaki ni kungoja. Ukianza na mbegu, huenda ikapita miaka mingi kabla ya kuona ua la kwanza. Ndiyo sababu wengi huanza na kijiti kilichokwisha kutiwa mizizi. Hata mti ukiisha kukomaa, bado hauna haraka. Matumba ya maua hujifunga miezi mingi kabla ya kufunguka. Unayaona pale, madogo, ya kijani, yamefumba kama ngumi ya mtoto mchanga. Wiki baada ya wiki ni yale yale. Mtu asiyejua husema, "Mti huu umelala," akaacha kuumwagilia maji. Udongo ukikauka wakati huo, matumba huanguka, na ua halitaonekana mwaka huo. Kumbe siku zile zisizo na cha kutazama ndizo siku za kutunza.

Na huko kwao, kamelia huchanua wakati gani? Huchanua katika miezi ya baridi, wakati miti mingine mingi imesimama mitupu.

Nitawapa mfano mmoja. Huko Ujerumani, katika mji wa Dresden, katika bustani ya jumba la Pillnitz, iko kamelia iliyopandwa mahali hapo mwaka 1801. Kwa kuwa baridi ya nchi ile ni kali, walikuwa wakiijengea kibanda cha mbao kila majira ya baridi. Mwezi wa Januari mwaka 1905 kibanda hicho kilishika moto. Watu wakaumwagia mti maji kuuzima moto, na kwa baridi ya usiku ule maji yakaganda juu ya matawi. Nani angedhani mti huo utaishi, uliochomwa kwa moto kisha ukafunikwa na barafu? Lakini barafu ile ile ikawa kama blanketi juu yake. Mti ukachipua tena. Tangu mwaka 1992 unakingwa na nyumba ya kioo inayosukumwa juu ya reli, nao hutoa maelfu ya maua mekundu kila mwaka kuanzia Februari hadi Aprili.

Aliyeupanda mwaka 1801 hayupo tena. Wala hakuna anayeyatazama maua hayo leo aliyemwona. Ni hivyo hivyo hata kwa jina lake. Mtaalamu Linnaeus aliuita mmea huu kwa jina la Georg Kamel, bruda wa Wajesuiti aliyekwenda Manila, Ufilipino, akawatengenezea wagonjwa maskini dawa za mimea. Kamel alifariki mwaka 1706, mwaka mmoja kabla ya Linnaeus kuzaliwa. Yeye alitibu wagonjwa wake tu. Hakujua kwamba siku moja jina lake litatajwa kila kamelia ichanuapo.

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza, "Ua la nini?" Ndugu yangu, ni kweli kwamba karo italipwa na mchai, si na kamelia. Usiupunguze mchai wako. Lakini mti mmoja kando ya mlango hauchukui hata hatua mbili za shamba. Ua lake likianguka zima, mtoto ataliokota aliweke juu ya maji katika bakuli, na meza ya ugali itapendeza. Jirani aliye mgonjwa utampelekea moja, naye atajua kwamba hakusahauliwa. Na wewe uliyengoja miezi yote ile utajifunza jambo ambalo kila mzazi, kila mwalimu na kila anayeuguza mtu nyumbani analihitaji: kwamba kinachotunzwa kimya kimya hakijalala. Wazee walisema, subira huvuta heri.

Kama unalo tumba nyumbani kwako ambalo halijafunguka, awe ni mtoto asiyeshika masomo, au mgonjwa anayepona polepole, usiache kumwagilia maji wiki hii.

Nawatakia siku njema yenye baraka. Kwaherini.