Fundi wa Kufunika Nyumba ya Mungu
Mazungumzo ya katekista mbele ya baraza la parokia na wakubwa wa mashirika



Mabati ya kanisa letu yametobolewa na kutu, na feza ya kuyabadilisha imekusanywa. Ndani yake mna franka za mama aliyeuza mihogo na za kijana aliyebeba mizigo sokoni. Sasa tutaikabizi mikononi mwa fundi mmoja. Je, tutamjuaje?

Kwanza, fundi wa paa hajulikani kwa maneno yake. Anajulikana wakati wa mvua. Katika kiangazi paa baya na paa jema hufanana. Basi kila mwenye kuomba kazi hii atuonyeshe mapaa matatu aliyoyafunika, na moja lipite miaka mitano. Wajumbe wetu wayatazame siku ya mvua, kisha wawaulize wenye nyumba: Alimaliza kwa siku aliyoahidi? Paa lilipovuja, alirudi?

Pili, tusikilize anavyosema juu ya vyombo. Mabati yana namba: bati la 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 kuliko la 32. Mwenye kutaja bei ndogo bila kutaja namba anataka kutufunika kwa karatasi. Fundi wa kweli hupiga msumari juu ya mgongo wa bati, si katika mfereji wake, sababu maji hupita mferejini. Hukataa mbao mbichi za mikaratusi, maana zikikauka hupinda na kulegeza misumari. Tena hufunga mbao za paa kwa chuma ukutani, kusudi upepo usiziinue.

Tatu, mapatano yaandikwe: vipimo, namba ya mabati, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza. Vyombo vinunuliwe na wajumbe wetu wawili pamoja na fundi. Feza ya kazi isitoke yote mara moja. Sehemu moja itolewe mwanzoni, nyingine mbao zikiisha kusimama, nyingine mabati yakiisha kupigwa. Sehemu ya mwisho ingoje mvua kubwa za kwanza. Katika vilima vyetu vya Kivu kiangazi ni toka mwezi wa sita mpaka wa nane. Tukichelewa kuchagua, tutafunika kanisa chini ya mvua.

Nne, na hili ni gumu. Nimesikia wengine wakisema: «Fulani ni mtoto wa parokia, kumwuliza maswali ni kumhaibisha.» Ndugu zangu, sivyo. Udugu si sababu ya kumkataa, wala si sababu ya kumchagua. Kumpa feza ya watu wote bila mashahidi ni kumtegea mtego. Akianguka, tutapoteza paa, na ndugu pia. Na kama Mprotestanti au Mwislamu anajua kazi kupita wetu, tumpe yeye. Mvua haiulizi cheti cha ubatizo.

Mwisho, haki ina pande mbili. Tukidai kazi njema, tulipe siku tuliyoandika, wala mshahara wa fundi usingoje kolekta nyingine. Fundi anayecheleweshewa malipo hujilipa mwenyewe kwa misumari iliyopungua. Wasaidizi wake nao wana watoto: wapate ngazi imara na kamba, na mtu asipande juu ya mabati yenye maji.

Naomba basi baraza lichague leo wajumbe watatu, mmoja wao awe mama, wasio na ukoo na fundi yeyote anayeomba kazi. Watuletee habari mbele ya mashirika yote. Aliyetoa franka yake ana haki ya kujua imefunika nini.