Waya Uliokatika Mwezini

Msikilizaji, tunapozungumzia safari za Mwezini, sifa nyingi huenda kwa roketi. Leo nataka tutazame vifaa vya mazoezi.

Kabla ya safari za Apollo, wanaanga wa Marekani walirudia mara nyingi kazi ya kupanga vifaa vya utafiti, wakiwa wamevaa mavazi yao mazito, glavu nene mikononi. Walitumia nakala za vifaa hivyo, si vyenyewe. Karibu na Flagstaff, Arizona, wataalamu walilipua ardhi mwaka 1967 ili kupata mashimo yanayofanana na ya Mwezini.

Hata hivyo, mazoezi yana mpaka wake. Aprili 1972, katika Apollo 16, mguu wa mwanaanga John Young ulinasa kwenye waya wa kifaa cha kupima joto linalotoka ndani ya Mwezi. Waya ukang'oka. Ndani ya vazi lile huwezi kuona miguu yako vizuri, na mvutano wa Mwezi, takriban moja ya sita ya ule wa Dunia, hauzilazi nyaya chini. Jaribio likafa palepale, kabla halijatoa hata kipimo kimoja.

Binafsi simlaumu Young. Waya uliopita pale anapotembea mtu ni kosa la mbunifu kwanza. Desemba mwaka huohuo, Apollo 17 ilipeleka kifaa kingine cha aina hiyo, na hicho kilifanya kazi hadi 1977, vituo vyote vya vifaa vya utafiti vya Apollo vilivyoachwa Mwezini vilipozimwa.