Homa ya Ini C: Wapimwe Siku Moja

Msikilizaji, homa ya ini aina ya C haina chanjo, lakini inatibika ikaisha kabisa. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Ndiyo maana inauma kuona Walatino wa Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakifa kwa magonjwa sugu ya ini, ambayo homa hii ni chanzo chake kimojawapo, kwa kiwango kinachowapita Wazungu.

Tangu 2020, taasisi ya afya ya nchi hiyo, CDC, inashauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja, na mjamzito katika kila ujauzito. Ushauri mzuri. Lakini fundi wa kibarua asiye na bima ataacha ujira wa siku aende kliniki? Na akienda, kipimo cha kwanza humwambia tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Cha pili ndicho huthibitisha kama bado kimo kwenye damu. Hapo katikati wengi hupotea, sembuse anayepewa majibu kwa Kiingereza asichokielewa.

Damu ya vipimo vyote viwili inaweza kuchukuliwa siku moja. Kliniki zifanye hivyo, na majibu yatolewe kwa Kihispania.