Gari, Kinga na Swali la Barabarani
Mazungumzo ya redio, Bunia

Leo sitazungumza juu ya bunduki wala juu ya mikutano ya wakubwa. Nitazungumza juu ya freni.

Mwaka jana nilikuwa nimesimama kando ya barabara inayoshuka kuelekea soko, nikitafuta moto ya kunipeleka kazini. Kijana mmoja alikuwa akishuka na baiskeli, ambayo sisi hapa tunaiita kinga, amefunga nyuma magunia mawili ya makala. Nyuma yake likaja gari dogo la abiria. Likapiga honi mara mbili, tatu, halafu likamgonga. Kijana akaangukia mtaroni, magunia yakapasuka, makala yakatawanyika barabara nzima, na mkono wake ukawa umening'inia vibaya.

Kabla mtu yeyote hajamwinua, nilisikia swali nyuma ya mgongo wangu: "Shofere ni mtu wa wapi?" Na upande wa pili wa barabara mwingine naye akauliza: "Huyu wa kinga anatoka kambi gani?"

Mnalijua swali hilo. Hapa kwetu mtu akiuliza hivyo hatafuti anwani ya nyumba. Wale wenye umri wangu walilisikia tangu 1999 hadi 2003, na ninyi mliokimbia vijiji vya Djugu, Irumu na Mahagi tangu Desemba 2017 mmelisikia tena, wengine usiku, mlangoni mwenu. Kwa hiyo nilipoona vijana wawili wameinama kuokota mawe, niliogopa kweli. Mimi nimesoma sheria chuo kikuu, lakini siku ile sikukumbuka hata kifungu kimoja.

Aliyetuokoa ni fundi. Mzee mmoja wa garaji iliyo ng'ambo ya barabara, mikono imejaa grisi, alipenya katikati ya watu, akasema, "Ngojeni. Kwanza nione freni." Akaingia garini, akakanyaga pedali, ikaenda hadi chini kama mtu anayekanyaga tope. Akafungua boneti, akatazama kile kichupa cha mafuta ya freni, akachovya kidole, akakisugua. Povu. Mle ndani mlikuwa na maji ya sabuni. Kisha akaenda kwenye kinga: waya za freni hazikuwapo kabisa, kijana alikuwa akisimama kwa kukandamiza kandambili yake kwenye gurudumu. Yule mzee akasema kwa sauti, wote wasikie: "Gari halina freni. Kinga haina freni. Sasa nyinyi mnauliza kabila la nani?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili. Mawe yakarudi chini. Kijana akapakiwa kwenye moto na kupelekwa hospitali.

Nataka tukae kidogo juu ya maji ya sabuni, maana najua kuna mashofere wanaosikiliza na wameshafanya hivyo. Mafuta ya freni ni ghali, na chupa ikiisha katikati ya safari ya Komanda au Kasenyi, konvoyere anachota maji, anatia sabuni ili yateleze, na gari linasimama vizuri kwa kilometa za kwanza. Ndiyo sababu watu wanaamini kwamba inafaa. Lakini freni zinafanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni moto. Mafuta mapya ya freni ya aina ya kawaida yanahimili joto la digrii zaidi ya 200 kabla ya kuchemka. Maji yanachemka kwenye 100, na hapa Bunia, tulivyo juu zaidi ya mita 1,200, yanachemka hata kabla ya kufika 100. Ukishuka mteremko mrefu ukikanyaga freni, maji yale yanageuka mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa. Basi unakanyaga, unabana hewa tu, na gurudumu halipati habari. Jambo hili linatokea siku ile ile unayohitaji freni kuliko siku zote, yaani kwenye mteremko, gari limejaa. Na maji hayo yanaleta kutu ndani ya pompa, kwa hiyo hela uliyookoa utaitoa tena, mara nyingi zaidi.

Hata mafuta mazuri yanavuta unyevu wa hewa polepole, ndiyo maana mafundi wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Chupa iliyofunguliwa na kukaa wazi dukani wiki nyingi, usiinunue. Ukiona pedali inazidi kuwa laini, au kichupa kinapungua kila juma, au gari linavuta upande mmoja unapokanyaga, usingoje. Na honi, ndugu yangu shofere, haisimamishi gari. Ninyi mnaipiga kana kwamba ni freni ya pili.

Fanyeni hesabu hii. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa linakula mita 11 kila sekunde. Kabla mguu wako haujafika kwenye pedali, sekunde moja hivi imepita: mita 11 zimekwisha na freni bado haijaanza. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Na hiyo ni kwenye barabara kavu. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa, mnajua wenyewe.

Kuna jambo jingine, la volani. Sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kulia. Jirani zetu wa Uganda wanaendesha kushoto. Magari mengi yaliyozeeka Japani yanapitia huko na kuingia kwetu kwa Mahagi, Aru au Kasindi yakiwa na volani ya kulia. Shofere wa gari la namna hiyo anakaa upande wa mtaro. Mwenye kinga aliye kuliani anamwona vizuri, lakini akitaka kulipita kamyo haoni kinachokuja mbele mpaka atoe nusu ya gari katikati ya barabara. Akikutana na motari hapo, anarudi kulia kwa ghafula. Na kuliani yuko nani? Yuko mwenye kinga. Kwa hiyo, mwenye gari la volani ya kulia, ukiwa na konvoyere au abiria anayekaa mbele kushoto, mfanye macho yako. Asipoona kwamba njia ni tupu, usipite. Na abiria wa kushoto wasifungue mlango katikati ya barabara, watelemkie upande wa mtaro. Mama mmoja aliyekuja kwetu kuomba shauri alivunjika mguu kwa mlango wa gari lililokuwa limesimama kabisa.

Unapompita mwenye kinga, mwachie nafasi ya mtu mzima aliyelala, na zaidi kama amebeba mzigo. Yeye hawezi kwenda mstari mnyoofu. Anakwepa shimo ambalo wewe unalipita bila hata kuliona. Wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba, vumbi la gari lako linamfunika yule aliye nyuma yako, na gari linalokufuata halimwoni tena. Punguza mwendo.

Sasa na wewe mwenye kinga. Najua wengi wenu mmeacha ng'ombe, mashamba na nyumba, na kinga hiyo ndiyo mali yote iliyobaki. Inalipa unga, inalipa shule. Ndiyo maana nasema itengenezeni freni kabla ya kuongeza gunia. Waya na mipira miwili midogo ya freni ni bei ndogo ukilinganisha na gunia moja la makala. Kandambili si freni. Kwenye mteremko shuka, uisukume kwa miguu. Kaa kulia, usiende wawili sambamba mkipiga hadithi. Usiku, kama huna taa, funga nyuma CD ya zamani iliyoharibika: taa ya gari ikiipiga inang'aa kutoka mbali. Na watoto wanaokwenda kuchota maji kwa miguu, wafundisheni kutembea upande wa kushoto, ili gari linalokuja kwa upande wao wakutane nalo uso kwa uso, lisiwatokee mgongoni.

Nirudi kwenye lile swali, maana ndilo lililonileta hapa. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba jukumu mbele ya sheria ya makosa ni la mtu mmoja mmoja. Hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kwa maneno ya barabarani: shofere akigonga mtu, amegonga yeye. Kaka yake hakugonga. Watu wa kijiji chake hawakugonga. Gari jingine lililosimama sokoni, lenye shofere anayesema lugha ile ile, halikugonga.

Sheria haimwachi aliyekosa. Sheria ya zamani ya mapatano na madeni, ile ya 1888, katika vifungu vya 258 na 259 inasema aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, hata kwa uzembe tu, lazima ailipe. Na sheria ya adhabu inamwona na hatia mtu aliyeua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kutoangalia mbele. Akiua hivyo, anaweza kufungwa miezi 3 hadi miaka 2. Lakini wale watakaompiga mawe mpaka afe, hao wamekusudia. Adhabu yao ni miongoni mwa zile kubwa kabisa zilizomo katika kitabu kile. Nimewaona vijana wakishangaa mahakamani: walifikiri wao ndio walikuwa upande wa haki.

Mashofere wananiambia, "Bwana sheria, tukisimama tutauawa." Siwezi kuwaambia kwamba hofu hiyo ni ya uongo. Lakini kumwacha mtu hatarini hali ungeweza kumsaidia ni kosa pia. Basi kama watu wamekuwa wakali mno, usikimbilie nyumbani wala kwa ndugu zako, maana hapo ndipo ajali inageuka kuwa ya kabila. Nenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, ujitaje, na uwaambie mahali mgonjwa alipo.

Mashefu wa kartie na wa avenyu, na ninyi viongozi wa kambi, watu watawafikia ninyi kabla ya kumfikia hakimu. Wa kwanza ni mgonjwa, apelekwe. Kisha watu wawili wanaoheshimika, ikiwezekana wa pande mbili, walinde gari na kinga zisiguswe mpaka polisi wapime. Andikeni namba ya gari, saa, majina ya walioona kwa macho yao. Ulizeni cheti cha bima: tangu 1973 sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya wale atakaowaumiza. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Tangu sheria ya 2015 kampuni nyingine pia zimeruhusiwa. Watu wengi wa kambi hawajui kwamba bima ile ni kwa ajili yao, wanafikiri ni karatasi ya kuonyesha polisi.

Mnaweza kuwapatanisha watu juu ya malipo: dawa, mzigo, kinga. Lakini kama kuna aliyejeruhiwa au kufa, mapatano yenu hayaifungi kesi ya serikali, na msimwahidi shofere hivyo. Tena msikubali malipo yaombwe kwa ukoo mzima au kwa kambi nzima. Aandike aliyekosa, atie sahihi aliyeumia, nakala mbili, na mashahidi.

Yule kijana wa makala mkono wake ulikuwa umeteguka. Polisi waliandika habari zao. Siku ya tatu tulikaa kwa shefu, mimi nikiwa kalamu tu. Mwenye gari alikubali kulipa hospitali na gunia moja na nusu. Nusu iliyobaki iliachwa, kwa sababu kinga nayo haikuwa na freni, na kijana mwenyewe ndiye aliyelisema hilo. Tulipofika mahali pa sahihi, mama yake akasema ngoja, hajamaliza. Akataka iandikwe kwamba gari lile litawekwa mafuta ya freni, siyo maji, na fundi yule mzee ndiye atakayeangalia. "Kesho napita pale pale na ndizi zangu," alisema. Shefu akasita kidogo, hakuwahi kuandika jambo la namna hiyo. Akaandika.

Gari lile nimeliona mara kadhaa tangu siku hiyo. Juzi nilimwuliza konvoyere wake, kwa utani, kama bado wanafua nguo kwa freni. Akafungua boneti palepale, abiria wakinung'unika, akanionyesha kichupa.